Naombeni ushauri: tunatengeneza katuni ya dakika 8, mngependa kuona stori ya aina gani na mhusika gani?

Mchoraji wa Tabata (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo yenu maana mimi na mwenzangu tumekwama wiki ya tatu sasa. Tunatengeneza katuni, yeye anachora mimi nazitembeza kwenye kompyuta, miaka minne tumefanya matangazo na video za kuelimisha za watu, safari hii tumejibana tukaweka hela yetu wenyewe tutoe muvi fupi ya kwetu, hakuna mteja wa kutuambia weka nembo hapa. Sasa mkipiga hesabu, sekunde moja ni fremu 24, dakika 8 ni fremu 11,520, hata kila mchoro tukiushikilia fremu mbili bado ni michoro 5,760 kwa watu wawili. Tukikosea stori hakuna kurudia.

Mwanzoni tulishaamua sungura na fisi kama kawaida. Nikamwonesha mtoto wa dada yangu vipande vya kwanza, ana miaka 11, akaangalia kimya mpaka mwisho akaniuliza "anko, kwani katuni ya Kiswahili lazima iishe na funzo?" Nikakosa jibu. Huyu mtoto anaangalia katuni za Kijapani anajua majina ya wahusika wote, mhusika akifa analia kweli kweli, ila ya Kiswahili akiiona anakaa kama yuko darasani. Na sisemi za kufundisha ni mbaya jamani, Ubongo Kids imeanza 2014 hapa hapa Dar na nawajua watoto walioacha kuogopa hesabu kwa sababu yake. Ila ndo iwe hiyo tu miaka yote?

Kwahiyo mezani tuna tatu. Moja ya kutisha, konda wa daladala kwenye trip ya mwisho usiku na kuna abiria mmoja hashuki. Ya pili Fumo Liyongo, yule shujaa wa hadithi za kale za pwani. Ya tatu yule panya buku Magawa aliyezaliwa na kufundishwa Morogoro akapelekwa Kambodia kunusa mabomu ya ardhini, akapewa medali ya dhahabu ya ushujaa 2020. Niambieni kitu mnachotaka kukiona ambacho hamjawahi kukiona kwa Kiswahili, na nani awe mhusika mkuu.

Binti Kigamboni

YA KUTISHA. Sijui hata kwanini mnajiuliza. Sisi tumekua umeme umekatika, shangazi anasimulia mwanamke mwenye kwato huku tumebanana kwenye mkeka hakuna anayetaka kukaa pembeni, mtu ameshika mkojo masaa mawili hawezi kwenda uani, halafu katuni ya kutisha ya Kiswahili unaitafuta huioni. Ombi langu moja tu, msimlete mtumishi dakika ya mwisho akemee pepo liishe. Niacheni na woga wangu niende nao kulala.

Baba Wawili

Mleta uzi hongera kwa kuthubutu. Mimi nina watoto wawili, 4 na 7, na nitasema ambacho wengi humu hawatasema. Sisi wazazi tunawapa simu kwa sababu tumechoka, neno katuni likiwepo tunajua ni salama, ukiweka jini mle ndani kwa jina la katuni mtoto atafungua peke yake wakati mama yake yuko jikoni. Sikukatazi, ila andika umri pale mwanzo kwa maandishi makubwa, na picha ya nje iwe ya usiku kabisa ili mzazi aone. Kuhusu panya naunga mkono, mkubwa wangu nilimsimulia habari za Magawa, kwamba alipata mabomu 71, akaniuliza je alikuwa anaogopa? Hilo swali la mtoto ndo muvi yenyewe.

Mpwani254

Hamjambo, mimi niko Mombasa. Ndugu yangu, Liyongo usimguse kama utamchora kifua kama mbeba vyuma anarusha watu. Hiyo tumeshaiona kwa mashujaa wa Marekani, inachosha. Liyongo alikuwa mshairi. Bibi yangu alikuwa akitusimulia ile ya gerezani, kwamba amefungwa, anasubiri kuuawa, mamake humtuma kijakazi Saada na chakula kila siku na walinzi wanakula kizuri chote, basi akamwimbia Saada beti za kumpelekea mama, aoke mkate wa wishwa ndani atie tupa ya kukatia chuma, maana wishwa walinzi hawautaki. Halafu akaomba kabla hajafa apigiwe gungu. Watu wacheza nje, yeye ndani yuwakata pingu, ngoma inafunika sauti ya tupa. Hapo kuna mtu mmoja, chumba kimoja na mkate. Wataka nini tena? Na mhusika mkuu nikupe bure, awe Saada. Hakuna anayemuuliza Saada alisikia vipi akiubeba ule mkate mbele ya walinzi.

Fremu kwa Fremu

Mkuu nipo kwenye kazi hii miaka tisa, nizungumzie mkono maana wengine wanazungumzia moyo.

Vitu vinavyomaliza vijana wetu ni vitatu: maji, umati wa watu, na nguo inayopepea. Liyongo ukimwonesha ngoma ya gungu yenye watu arobaini umekwisha, ila alivyosema jamaa wa Mombasa ni sawa kabisa, kamera isitoke gerezani, ngoma isikike tu, kivuli kipite kwenye tundu la ukuta. Michoro inapungua na stori inakuwa nzito zaidi. Magawa ni manyoya na majani, shamba zima la majani, na panya unamfuata kwa chini kila hatua, kwa watu wawili nisingekushauri leo. Daladala usiku ndo rahisi, mandhari ni moja, viti vilevile, taa za nje zinapita dirishani unazichora mara moja unazizungusha.

Na msijidharau kwa vifaa. Flow iliyochukua Oscar ya katuni ndefu 2025 imetoka Latvia, imetengenezwa kwa Blender, programu ya kompyuta ambayo sote tunaipakua bure, na haina neno hata moja la mazungumzo, ni paka na wenzake na maji tu. (Maji yale waliyaweza wao, wewe usijaribu.) Halafu rekodi sauti KABLA ya kuchora midomo, naona watu wengi wanachora kwanza halafu mwigizaji anakimbizana na mdomo kama anafukuzwa.

Mchoraji wa Tabata

Nimesoma zote. Kaka Fremu hapo kwenye sauti umenigusa, ndo kosa tulilofanya kwenye kazi ya mteja mmoja mwaka jana tukaurudia mdomo wote usiku kucha. Mpwani, hiyo ya Saada mwenzangu ameisoma akaanza kuchora hapo hapo, amechora mikono tu imeshika mkate. Baba Wawili nimekuelewa kaka, umri tutaandika.

Kofia Pana

Habari zenu. Mimi huwa nasoma tu sichangii lakini hapa kwenye mhusika naomba niseme.

Nina ualbino. Nina miaka 26 na katika maisha yangu kila nilipoona mtu kama mimi kwenye filamu au igizo basi anafukuzwa, anakatwa, analia, au anaokolewa na mtu mwingine. Naelewa kwanini, mambo hayo yametokea kweli na lazima yasemwe. Ila mimi siku nzima sifukuzwi na mtu. Mimi ni shabiki wa mpira, nagombana na mdogo wangu kuhusu chaja, napenda pilau ya kaka yangu kuliko ya mama na nimeapa sitamwambia. Nataka siku moja nimuone msichana mwenye ualbino kwenye katuni ambaye ualbino upo tu kama vile mwingine alivyo mrefu. Simu anaiweka karibu na pua kusoma meseji, kofia haiachi mchana, ubaoni alikaa mbele, macho yanacheza kidogo hayatulii (hili wachoraji hawajawahi kulichora, wanatuchora tumetulia kama sanamu), na basi likija hasomi kibao, anasikiliza konda anaita nini.

Na naomba kitu kimoja, kama mtachagua ile ya kutisha, msiniweke upande wa kitisho wala wa kafara. Tafadhali.

Binti Kigamboni

Dada nimesoma mara mbili. Hiyo ya kusikiliza konda sikuwahi kuifikiria kabisa na nimepanda magari na rafiki yangu mwenye ualbino miaka yote ya chuo. Mleta uzi mhusika wako huyu hapa.

Sahani ya Muscat

Kutoka Oman. Wanangu wamezaliwa huku, Kiswahili wanacho cha jikoni, njoo ule, nenda kaoge, basi. Mimi naomba watu waongee kama watu. Katuni nyingi zetu wanaongea kama taarifa ya habari, "je, ungependa kuandamana nami sokoni?" nani anamwambia rafiki yake hivyo? Mtoto akisikia watu wanatupiana maneno, wanakatizana, wanacheka kabla sentensi haijaisha, atataka kujua wamesema nini ataniuliza, na mimi nataka kuulizwa.

Konda Mstaafu

Vijana nimeitwa na mwanangu nisome huu uzi. Nimekuwa konda miaka kumi na moja, Gongo la Mboto na Mbagala, kwahiyo kama mnachora konda mchoreni sawa.

Konda haombi nauli kwa mdomo kila saa. Anachezesha sarafu kwenye kiganja, chki chki chki, abiria anajua zamu yake imefika. Noti zinakunjwa kwa urefu zinapangwa katikati ya vidole, kubwa ndani ndogo nje, ili gizani mkono ujue wenyewe. Kusimamisha gari sisi tulikuwa tunagonga bati mara moja, kuondoa mara mbili, dereva haangalii nyuma. Na trip ya mwisho usiku konda anakuwa mtu mwingine, haiti tena, amekaa kwenye ngazi mlango wazi anapigwa na upepo, miguu imevimba, anahesabu hesabu ya bosi moyoni, na akiona abiria amelala anamwamsha kwa upole, kwa sababu na yeye anajua uchovu. Huo upole sijawahi kuuona kwenye filamu hata moja, sisi huwa tunawekwa tugombane na watu tu tutukane. Mkitaka sauti nitakuja niwarekodie bure, sarafu ninazo.

Mchoraji wa Tabata

Shikamoo mzee. Nimesoma hiyo nikasimama.

Wakuu tumekaa na mwenzangu mpaka saa saba usiku na nadhani imepatikana, naileta hapa hasa kwa dada Kofia Pana, bila ruhusa yake hatuchori hata mstari. Ni ya daladala. Saada na mkate wake tunauweka wa pili, tumeshaahidiana, Mpwani usituache. Gari la mwisho, abiria watano, wanashuka mmoja mmoja. Msichana mwenye ualbino amekaa siti ya mbele anarudi kutoka kazini, ameshavua kofia ipo mapajani. Konda anapita na sarafu zake chki chki chki, kila anayelipa sarafu yake inagonga zenzake kiganjani, tunaisikia. Kuna mwanaume nyuma analipa na hakuna mlio. Konda hajashtuka, amechoka. Dereva yuko mbele. Msichana peke yake ndo amesikia kwamba hakuna kilicholia, kwa sababu yeye gari analisoma kwa masikio toka utotoni. Kuanzia hapo ni yeye na konda, na vituo vimebaki vitatu.

Hafi mtu, hatolewi kafara mtu, na hakuna mtumishi. Mwisho tunao ila siuandiki humu.

Kofia Pana

Nimesisimka mwili mzima kwenye hiyo sarafu.

Ruhusa mnayo. Nawaombeni nione michoro ya uso kabla hamjaanza kuitembeza, macho hasa, nitawatumia video yangu nikisoma meseji muone yanavyocheza. Na jina. Msije mkamwita Tumaini wala Zawadi wala Neema, kila mara tunapewa majina ya namna hiyo.

Mchoraji wa Tabata

Tumwite nani basi dada?

Kofia Pana

Mwajuma. Na konda amwite "sista wa mbele", maana ndo wanavyoniita.

Konda Mstaafu

Ni kweli, tungemwita hivyo hivyo. Jumamosi mchana mtanikuta nipo, njooni na mashine yenu ya kurekodia.