Manowari ina injini mbili ila pangaboi moja, hii imekaaje wakuu?

Nahodha wa Nchi Kavu: Wakuu habari za mda huu. Nilikua nafatilia zile frigeti (meli za vita za kusindikiza) za zamani za Marekani za Oliver Hazard Perry, zilikua na tabini mbili za gesi LM2500 (injini za aina ya ndege) lakini zote zilizungusha shafti moja na pangaboi moja. Sasa meli ya vita unaiwekaje pangaboi moja? Likipigwa hilo si mnabaki mnaelea kama kifuu? Na kwanini wasiweke dizeli tu?

kipaza_mota: Mkuu jibu ni hela. Miaka ya 70 admirali Zumwalt, mkuu wa jeshi lao la majini, alitaka meli nyingi za bei chee za kusindikiza misafara, shafti moja maana yake giaboksi moja na mabaharia wachache. Ya kwanza iliingia kazini 1977, jeshi lao likachukua 51. Hiyo LM2500 ni ukoo mmoja na injini CF6 ya kwenye ndege za abiria za DC-10, zikiwa mbili unapata kama farasi 41,000 na spidi inapita noti 29 (kama km 54 kwa saa). Unawasha, dakika chache ushaondoka, wakati boila za mvuke ulikua unasubiri masaa. Ikifa hamuifungui humo humo, mnaichomoa nzima kupitia bomba la kuvutia hewa mnashusha nyingine. Ubaya wake mafuta, ukienda taratibu inakunywa balaa, ndo maana safari za kawaida walikua wanazima moja.

Mzee wa Gati: Ongezea hapo, tabini haina rivasi. Wanageuza mapanga yenyewe ya pangaboi yakae kinyume, shafti inaendelea kuzunguka upande ule ule. Halafu chumvi ndo adui, kompresa (sehemu ya tabini inayobana hewa) lazima ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi la sivyo nguvu inashuka.

Binti Mikindani: Swali la kupigwa lishajibiwa zamani kaka. 14 Aprili 1988 USS Samuel B. Roberts, mojawapo ya hizo Perry, ilikanyaga bomu la Iran lililotegwa majini kwenye Ghuba ya Uajemi, mkuku (uti wa mgongo wa meli) ukavunjika, chumba cha injini kikajaa maji, tabini zote mbili zikang'oka kwenye vitako vyake. Sehemu ya juu ya aluminiamu ikapasuka wakaifunga kwa kamba za chuma isiachane. Wakatoka kwa vile vimota viwili vya umeme vinavyoshushwa chini ya meli, kila kimoja farasi 350, mwendo wa kinyonga. Majeruhi 10, hakufa mtu. Ikapakiwa juu ya meli nyingine kurudishwa kwao.

Nahodha wa Nchi Kavu: Duh, farasi 350 wanasukuma tani elfu nne?? Hata lori linazidi hapo.

Binti Mikindani: Zilitosha kutoka kwenye mabomu, wewe ulitaka wakimbizane na nani?

kipaza_mota: Wa kukimbizana wapo, Aprili 2010 huku kwetu Bahari ya Hindi maharamia wa Kisomali waliifyatulia risasi USS Nicholas, nayo Perry, usiku wakidhani meli ya mizigo 😂 wakabebwa mpaka mahakamani Norfolk, Marekani.