Siku sita na gari la kukodi: Bagamoyo–Saadani–Pangani au Amani–Lushoto–Mtae?

Mkaazi wa Chumbageni
Wakuu, salaam. Nina wageni nataka niwatembeze siku sita, polepole, gari la kukodi tukiwa peke yetu na dereva, pasiwe na mtu wa kutuharakisha. Nimebakiwa na njia mbili. Moja ianzie Bagamoyo, ipite Saadani na Pangani, iishie Tanga mjini. Nyingine itoke Tanga, Muheza, Amani, kisha Lushoto mpaka Mtae. Mwenye gari anataka jibu Ijumaa. Ipi bora?

Nahodha Mstaafu
Mwezi gani? Watu wangapi? Gari gani? Hapa hatupigi ramli, ndugu yangu.

Binti Mlalo
Milimani, wala usiumize kichwa. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, lakini msizikimbie. Simameni Soni mtazame maporomoko, nunueni matunda barabarani. Jioni nendeni Irente mwone nyika yote ile imetandazwa chini yenu. Kisha Mtae, mlale siku mbili. Kukipambazuka mawingu yako chini, ninyi mko juu, na jogoo wa kijiji cha bondeni mnamsikia bila kumwona. Bebeni masweta.

Mswahili wa Dunda
Masweta ya nini mtu akiwa na bahari? Bagamoyo pekee inakula siku mbili kwa miguu. Ngome Kongwe, Karavan Serai walikopumzikia watu wa misafara, kanisa la misheni ambako mwili wa Livingstone ulipitishwa mwaka 1874, soko la samaki alasiri. Ukitoka hapo, Kaole: misikiti na makaburi ya karne nyingi, na mikoko pembeni.

Mtang'ata Halisi
Kaole, Kaole, kila siku Kaole. Tongoni ipo kusini kidogo ya Tanga mjini, ina makaburi ya minara, na watu hawaijui. Vasco da Gama alichoma meli yake moja kwenye mafungu ya huku mwaka 1499 kwa kukosa mabaharia wa kutosha. Nyinyi wa Bagamoyo mlikuwa wapi?

Mswahili wa Dunda
Tulikuwa tunakula samaki. Kuchomewa meli nayo ni sifa?

Mkaazi wa Chumbageni
Samahani wakuu, niliacha mengi. Ni mwishoni mwa mwezi wa nne. Tuko watano: wageni wawili, mimi, mke wangu na mama, miaka 71, magoti yanamsumbua. Gari ni Noah.

Nahodha Mstaafu
Mwezi wa nne. Noah. Saadani. Haya.

Mama Wawili Pangani
Kaka yangu, kaa nikuhadithie. Mwaka 2017, masika hayo hayo, tulikodi gari kwa mtu, jina lake nalihifadhi. Tulilipia foo-wili. Asubuhi ikaja Noah, tairi vipara, dereva anasema "hii ni zaidi ya foo-wili, mama." Tukaingia, maana mkwe wangu alishavaa na mahamri yalishafungwa. Bagamoyo hadi kijiji cha Saadani tulikwenda tukijikongoja. Tulipoelekea Mkwaja mvua ikashuka. Ule udongo mweusi ukilowa ni kama uji wa ulezi, unashika mpaka kiatu. Gari likazama hadi mlangoni. Simu haina mtandao. Dereva akatoa koleo lisilo na mpini! Tulikaa saa tano mle ndani, tumbili wakituchungulia, mpaka wakapita wavuvi na trekta. Walituvuta, wakataka hela, tukatoa kila tulichonacho. Mkwe hakunena neno mpaka tulipovuka kivuko Pangani. Akashuka, akaniambia, "Mwanangu, mumeo na anipeleke nyumbani kwa basi." Tangu siku ile, kabla sijalipa, naipiga gari picha, tairi zote nne, koleo pia.

Fundi Ngamiani
Noah si mbaya. Tatizo ni madereva.

Mama Wawili Pangani
Wewe uliliona lile tope?

Nahodha Mstaafu
Na kama mlitaka Maziwe, sahauni. Kile kisiwa ni fungu la mchanga tu siku hizi, mivinje yake ilishakwisha, maji yakijaa kinazama. Anayepanga safari hapo ni bahari. Ukienda na kusi ndiyo inaanza kuvuma, mama mwenye magoti utambebaje kuingia ngalawa?

Binti Mlalo
Nilisema milimani.

Fundi Ngamiani
Milimani mwezi wa nne nako ni utelezi. Njia ya Mtae ikilowa hata bodaboda wanasukuma. Fanyeni Amani peke yake, siku tatu. Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti pale mwaka 1902, wakaotesha miti ya kila bara. Yale maua madogo ya zambarau ambayo Ulaya wanayaweka madirishani asili yake ni misitu hii.

Mswahili wa Dunda
Hivi kuna mtu amemuuliza mama mwenyewe?

Mkaazi wa Chumbageni
Nimemuuliza leo, nikaona aibu sikuanzia huko. Anasema apelekwe Amani, baba yake alichuma chai Kwamkoro na hajarudi tangu akiwa msichana. Ila asitembezwe misituni, akalishwe tu pale aone mashamba na watu waje wamsalimie. Mke wangu bado anataka bahari. Wageni wanasema popote. Mwenye gari anasema Amani ataongeza bei.

Mama Wawili Pangani
Mpige picha tairi.

Mtang'ata Halisi
Mkipita Tongoni mnijulishe, nitawapikia bada, ugali wetu wa muhogo, na samaki wa kuchoma. Siyo mbali na barabara ya Pangani.

Fundi Ngamiani
Kwani machungwa ya Muheza mwezi wa nne yatakuwepo?

Binti Mlalo
Bado mabichi. Subiri mwezi wa sita.

Mswahili wa Dunda
Basi asogeze safari mwezi wa sita, mvua nayo imekatika.

Mkaazi wa Chumbageni
Wageni wanaondoka tarehe 3 mwezi wa tano.