Redio kwenye magari ya safari: zizimwe au tuziache?

Mleta mada

Wakuu habari za muda huu. Kuna jambo linanikereketa tangu nirudi Serengeti mwezi wa pili, nikasema ngoja nililete hapa mnisapoti au mnipige mawe. Msimamo wangu ni kwamba redio kol kwenye magari ya wageni ibaki ya dharura tu, gari limenasa tope, mtu kaumwa, moto, basi. Hii ya kuitana kwa sababu fulani kaona mnyama ipigwe marufuku.

Kwa ambao hawajawahi kupanda, ukiwa ndani ya kruza kuna redio pale mbele inakoroma kutwa nzima, madereva wanapeana habari nani kaona nini na wapi. Na wanaongea kwa mafumbo ili mgeni asielewe, simba wanamwita sharubu, chui ni madoa ya juu maana yeye ni mtu wa mitini, duma ni madoa ya chini. Mzungu anadhani wanasalimiana, wewe Mswahili umekaa nyuma unasikia kila kitu unacheka kimoyomoyo.

Sasa siku ya pili asubuhi tumetoka Seronera, pale katikati ya hifadhi, na mimi bana mniwie radhi ni mtu wa ndege, nikamwona karani tamba. Yule wa miguu mirefu kama kavaa kaptula nyeusi, manyoya yamechomoza kisogoni kama kalamu. Alikuwa anakanyaga kitu kwenye majani, pa pa pa, anarudi hatua moja anakitazama, anakanyaga tena. Ndio nainua darubini nione ni nyoka au ni nini, redio ikakoroma "madoa ya chini, na watoto", dereva hata hakuniuliza, kaweka gia tumeondoka. Mpaka leo sijui yule ndege alikuwa anaua nini.

Tulipofika nikahesabu magari 17, sisi wa 18. Duma jike yuko juu ya kichuguu, watoto watatu wamelala chini yake, na mbele huko kama mita mia mbili swala tomi wanakula zao majani hawana habari. Akashuka akaanza kunyata, tumbo karibu liguse ardhi, anasimama, anaenda, anasimama. Basi zile injini zikawashwa kama wameambiana, kila mtu anataka kuwahi pale anapodhani atapita, kruza moja ikatoka barabarani kabisa (na Serengeti kuacha barabara ni marufuku, kila dereva anajua) ikakatiza kati yake na swala. Swala wakainua vichwa, mchezo ukaisha. Duma akakaa palepale anatazama pembeni kama mtu aliyeachwa na basi.

Mnaelewa lakini kwa nini inauma? Huyu anawinda mchana kwa sababu usiku ni wa simba na fisi, watamnyang'anya chakula na watoto watamuulia. Kwa hiyo saa zake za kutafuta riziki ndio saa zetu za gemu draivu. Na hii sio hisia zangu tu, kuna utafiti wa Maasai Mara uliotoka 2018, duma wa maeneo yenye watalii wengi walikuza wastani wa mtoto 0.2 kwa kila uzao mpaka ajitegemee, maeneo yenye watalii wachache ni 2.3. Piga hesabu, anazaa mara tano ndio anabaki na mtoto mmoja.

Halafu sote tuliona ile video ya Julai 2025, watalii wameshuka kwenye magari kule Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, wameziba njia nyumbu wasivuke Mto Mara. Watu wakapiga kelele wiki moja tukahamia mambo mengine. Mimi nasema mzizi ni ile redio. Nyie mnaonaje?

Dereva wa kaskazini

Mkuu mleta mada, mimi ni dereva wa wageni mwaka wa 11 huu, naomba nikujibu bila jazba. Serengeti ni kilomita za mraba 14,763. Mgeni wangu ana siku mbili, katoka Ulaya huko, anataka chui. Bila redio nikamtafutie wapi? Nitazunguka kutwa nzima nakagua mti wa mwegea mmoja mmoja kando ya mto, nachoma dizeli, natimua vumbi, na jioni anaandika kwenye intaneti kwamba dereva hajui kazi.

Mshahara wetu unaujua wewe? Wengine hawana kabisa, ni posho ya safari na tipu. Na tipu inaletwa na sharubu, sijawahi kuona iliyoletwa na karani tamba.

Tena nikwambie kitu, ukizima redio leo kesho tuko WhatsApp. Seronera mtandao unashika vizuri tu. Redio angalau askari wa hifadhi akitaka kusikiliza anasikiliza, kwenye kundi la WhatsApp atatusikia nani?

Kuna siku nilikataa kwenda kwenye msongamano kama huo wako, nikawaeleza wageni taratibu, wakakubali wenyewe kwa midomo yao. Kufika lodji wamempigia bosi. Safari iliyofuata sikupangiwa gari, nikakaa nyumbani wiki tatu. Kwa hiyo unaposema redio, mkuu, umeshika mkia, kichwa kipo ofisini kwa anayeuza "wanyama wakubwa watano ndani ya siku mbili".

Jirani wa Narok

Mimi niko upande wa pili wa mpaka, Kenya. Huku Mara sheria iko, magari matano kwa mnyama, wengine mkae mbali mngoje, na kama kuna foleni kila gari ni dakika kumi. Shida ni nani anahesabu hizo dakika. Ranja akiwa hapo watu wanajipanga kama watoto wa shule, akienda tu ni vurugu.

Na msidhani bei itasaidia. Tangu Julai 2024 mgeni wa nje analipa dola 200 kwa siku msimu wa juu, kuna watu walisema magari yatapungua. Mimi pale nyumbu wanapovukia mto sijaona tofauti. Kile nimeona ni kwamba mtu amelipa dola 200 ndio anamsukuma dereva zaidi, anataka pesa yake ionekane.

Mchangiaji mwingine

Karani tamba alikuwa anaua panya mkuu, pole, sasa ulale 😂

Mleta mada

Haya nimecheka. Dereva, la WhatsApp umenibana, sikuliwaza kabisa. Na la posho siwezi kubishana na wewe.

Ila siondoki kwenye hoja yote. Unasema tipu inaletwa na sharubu, ni kweli kwa sababu mgeni hajawahi kuonyeshwa kingine. Hifadhi ina aina zaidi ya 500 za ndege. Kuna kwale wa kidari cha kijivu ambaye duniani humpati nje ya ukanda huu wa Serengeti, na magari yanampita barabarani kama kuku wa jirani, yanawahi madoa. Mimi nilikaa na tandawala mmoja nusu saa, dume, kavimbisha shingo mpaka imekuwa kama mto wa kulalia, anajionyesha kwa majike, na hakukuwa na gari lingine hata moja. Wala hakuhitaji redio. Novemba mpaka Aprili ndio wale ndege wahamiaji wa Ulaya wako huku pia, na ukiacha kule kusini nyumbu wanakozalia, barabara nyingi ni nyeupe.

Jana nilimpigia yule dereva wangu, maana ni mtu mwema, sikutaka mwone kama namsema. Nikamwambia Novemba narudi, na safari hii nataka siku nzima redio izimwe, tukae na ndege, nikikosa simba simdai mtu. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama hayo maneno naweza kumwandikia kwenye karatasi na kusaini, akampe bosi.