Mrejesho: mwezi mzima wa singeli na taarab

Wakuu, mwezi uliopita niliwauliza nianzie wapi kama nataka biti zenye ladha ya nyumbani, nipumzike kuiga Nigeria na Afrika Kusini. Wengi mlisema singeli kwanza, ule muziki wa kasi wa uswahilini Dar, kisha taarab ya pwani. Nimefuata.

Singeli imenipa kazi kwelikweli. Kasi inavuka mapigo 200 kwa dakika, na chini yake unakuta kipande kifupi cha kinanda kinachozungushwa bila huruma. Vingi vimekatwa kwenye taarab ya kisasa. Nilichukua kimoja nikakishusha kasi hadi nusu, mama akatokea mlangoni anaimba maneno ya ule wimbo wa taarab! Aliyeniambia singeli, muziki wa mitaa ya Tandale na Manzese, ni kelele, mkuu, hapo tumepishana. Kelele haipangwi vile. MC, yule anayeghani juu ya biti, anavuta pumzi saa ngapi, mwenyewe anajua.

Taarab asilia niliisikiliza usiku kwa hedifoni: udi na kanuni, vyombo vya nyuzi vya kudonoa, pamoja na fidla. Utangulizi wa vyombo peke yake unaweza kuwa mrefu kuliko singo yangu nzima. Halafu sauti ya Bi Kidude, mwimbaji wa Zanzibar aliyefariki 2013, kavu, ina mikwaruzo, na haijang'arishwa na programu yoyote. Tangu hapo nimepunguza otochuni, ile programu ya kunyoosha sauti. Sijaiacha, wateja wanaipenda.

Bongo Fleva ya redioni nimeipitia juu juu, hiyo nimekua nayo.

Sasa natafuta rekodi safi ya dumbaki, ile ngoma ndogo ya taarab, iliyopigwa kwa mkono, siyo ya kinanda. Mwenye nayo anistue.