Eti "huna uzito"! Mimi! Juu ya mashine yangu mwenyewe!

Nyasi_Ndefu (mleta uzi)

Wakuu, naandika mkono unatetemeka, mkiona herufi zinarukaruka mnisamehe.

Yule bwana fundi mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule ambaye kwake kila kitu ni "betri hiyo". Mpelekee saa ya ukutani, betri hiyo. Mwambie mtoto ana homa, atakuuliza betri ina miaka mingapi. Ameondoka kwangu sasa hivi, vumbi la pikipiki yake hata halijatua, na maneno aliyoniachia mbele ya shemeji yangu ni haya: "Bosi, mashine haina tatizo. Wewe ndiye huna uzito."

Huna. Uzito.

Ngoja nianze mwanzo, ingawa hasira zinanivuta nianzie mwisho. Nina ile mashine ya kukata nyasi ya kupanda, unayokaa juu kama uko kwenye trekta. Mwezi uliopita nageuza ufunguo, inajibu "tik". Tik moja. Taa za mbele zinafifia kidogo, tik, kimya. Nikamwita. Hata mguu haujashuka vizuri kwenye pikipiki: "Betri hiyo." Nikanunua betri, akang'oa kiti, akaifunga. Tik. "Basi solenoidi." Nikanunua solenoidi, ile swichi inayopeleka umeme kwenye mota ya kuwashia injini. Tik. "Aaah, stata imekufa hiyo." Nikanunua stata, ndiyo hiyo mota yenyewe. Wakuu, ile mashine sasa ina viungo vipya kuliko watoto wangu. Tik.

Kesho yake binti yangu wa miaka 12 kapita zake, kashika ule waya mweusi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye chesisi, kauliza, "Baba, huu mbona unacheza?" Bolti imelegea, na chini yake kuna kutu imejaa. Tukafungua, tukasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukakaza. Ikawaka kwa mpigo mmoja. Betri ya zamani nzima. Solenoidi ya zamani nzima. Stata ya zamani nzima. Ziko kwenye boksi hapa, zinanitazama.

Furaha ilidumu dakika moja. Ukikanyaga breki inawaka vizuri, inanguruma. Ukiachia breki uondoke, puu, imezima. Kanyaga, washa, achia, puu. Nikamwita tena (najua, najua, matusi yawekeni akiba).

Ndio kaja leo. Shemeji kakaa kivulini anatazama. Mnaujua mwili wa yule bwana, akikaa kwenye kiti, kiti kinaomba msamaha. Kapanda, kawasha, kaachia breki, mashine IKAONDOKA. Kazunguka uwanja mzima anapunga mkono kama yuko kwenye gwaride. Kashuka. Nikapanda mimi: puu. Kapanda yeye: inakwenda. Mimi: puu. Shemeji kashaanza kushika mbavu. Ndipo yule bwana akajifuta mikono, taratibu, na fulana yangu niliyokuwa nimeianika, akanipima kwa macho kuanzia viatu mpaka kofia, akasema:

"Bosi, mashine haina tatizo. Wewe ndiye huna uzito."

Halafu akaongeza, bila hata kutabasamu, niwe napakata tofali mbili.

Nina kilo 58. Kilo 58 si uzito? Ni upepo?

Spana_Namba_Kumi

Nimevuta kiti. Natumaini kitanitambua.

Mama_Fyuzi

Kilo 58 ukiwa umelowa au mkavu?

Kofia_Ngumu

Mnamsema vibaya jamaa wa watu. Mimi alinitengenezea jenereta na mpaka leo linawaka. Ila ni kweli alisema ni betri, na lile jenereta ni la kuvuta kamba.

Nyasi_Ndefu

Hamsomi. Kasema HUNA UZITO. Mbele ya shemeji. Shemeji kashampigia mke wangu simu, na nasikia kicheko kutoka chumba cha pili.

Cheche_Moja

Mleta uzi, pole, lakini yule bwana kakutukana na jibu kakupa humohumo bila yeye mwenyewe kujua. Chini ya kiti kuna swichi. Kazi yake ni kuiambia mashine kuna mtu juu. Ukiwa umekanyaga breki, swichi ya breki inatosha, ndiyo maana inawaka. Ukiachia breki, mashine inauliza: je, kuna mtu kwenye kiti? Kwa yule bwana swichi inasema yupo, tena wawili. Kwako inasema kiti kitupu, inakata moto wa plagi. Zima, toa ufunguo, inua kiti, ibonyeze swichi kwa kidole uone kama inarudi. Angalia soketi yake kama ina kutu au imechomoka nusu, na sponji ya kiti kama imekufa. Kwa vyovyote vile hukuhitaji tofali.

Na ile habari ya tik inaniuma zaidi kuliko uzito wako. Ilikuwa kazi ya dakika tano na mita ya kupimia umeme. Betri nzima iliyotulia inasoma kama volti 12.6. Unapopiga stata, ikishuka chini ya 9.6 hapo ndipo unaishuku betri. Haishuki? Basi weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye bloku ya injini penyewe, mtu apige stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, umeme unapotea njiani, shida ni waya wa athi, ule mweusi wa kwenda kwenye chesisi. Yule bwana mita anayo?

Nyasi_Ndefu

Mita anayo. Anaitumia kufungulia soda.

Na asante kwa maelezo, mkuu, lakini nauliza: hiyo swichi ndiyo iliyomtuma aseme HUNA UZITO?

Mtaalamu_wa_Bure

Haya mambo madogo. Chomoa soketi ya swichi ya kiti, unganisha zile waya mbili kwa kipande cha waya, mchezo umeisha. Mimi yangu iko hivyo mwaka wa pili.

Cheche_Moja

Mkuu, usimfundishe mtu hivyo. Ile swichi ndiyo inayosimamisha visu ukidondoka. Mtu kaanguka kwenye mteremko, mashine inaendelea kumfuata na visu vinazunguka. Halafu swichi hazifanani: kuna inayofunga njia ukikaa, na kuna inayofungua njia ukikaa. Hiyo ya pili ukiziunganisha waya zake umepeleka moto wa plagi athi moja kwa moja, mashine haiwaki mpaka kiama. Halafu utasema ni betri.

Mtaalamu_wa_Bure

Mimi sijawahi kudondoka.

Spana_Namba_Kumi

Una uzito wewe.

Panya_Kala_Waya

Nyie mnalia na fundi mwenye mdomo. Wangu hana mdomo kabisa, na ndiyo balaa. Fyuzi ya ampea 20 iliungua, yeye kimya kimya akaweka msumari. MSUMARI. Mashine ikawaka, nikamsifu, nikampa na maji ya kunywa. Siku ya tatu naona moshi chini ya usukani. Waya zote zilizokuwa rangi tano sasa ni rangi moja, nyeusi, zimeshikana kama tambi. Namuuliza, anasema, "Lakini msumari haukuungua." Kweli haukuungua! Ndio kitu pekee kilichobaki kizima!

Mama_Fyuzi

Hahahaha msumari wa watu hauna kosa.

Kofia_Ngumu

Afadhali msumari. Kuna mmoja alinifungia betri kinyume, chanya kwa hasi. Cheche moja tu, pah, akageuza haraka akidhani sijaona. Tangu siku hiyo betri haichajiwi. Injini ikiwa kasi yote napima kwenye betri, inasoma 12.3 na inazidi kushuka, wakati ilipaswa kupanda mpaka 14 hivi. Rektifaya, ile inayogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri, imekwenda na maji. Nikimuuliza anasema mashine za siku hizi hazina subira.

Nyasi_Ndefu

Jamani huu uzi ni wa uzito wangu.

Mama_Fyuzi

Ngoja na mimi niseme langu maana limenikaa. Mume wangu hataki fundi. Yeye ndiye fundi. Jumamosi mashine haigeuki, hata tik haitoi. Kafungua boneti. Kachomoa waya kachora mchoro kwenye karatasi, mshale huku mshale kule. Kapima fyuzi. Kapima swichi ya breki. Kalala chini ya mashine saa nzima, miguu tu inaonekana, namletea maji naongea na soli za viatu. Mtoto wa jirani kaja kuchukua mpira, kaangalia, kasema, "Mbona hiki kitufe cha njano kimevutwa?" Kitufe cha visu. Visu vikiwa vimewashwa mashine haipigi stata, imeandikwa palepale kwenye stika, kwa picha, kwa ajili ya mtu asiyejua kusoma.

Baba_Fyuzi

Mama Fyuzi, tulikubaliana hilo halitoki nje ya nyumba.

Spana_Namba_Kumi

😂😂😂 Kumbe na baba yupo humu!

Mama_Fyuzi

Ulikubaliana na nani? Mimi nilikuwa naongea na soli.

Baba_Fyuzi

Basi tuseme yote. Kwa nini ilinibidi nifungue waya? Kwa sababu sikuwa na mita. Mita iko wapi? Kuna mtu aliitumia kupima kama betri za rimoti zimekufa, akaiacha kwenye kipimo cha ampea, halafu mimi nikaenda nayo kwenye betri ya mashine. Ikatoa moshi mkononi kwangu. Mtu huyo simtaji.

Cheche_Moja

Mkuu, kabla ya kuweka ncha unaangalia kwanza kipimo kiko wapi. Kwenye ampea mita inakuwa kama waya mtupu, hiyo ni shoti.

Baba_Fyuzi

Sasa wewe uko upande gani?

Panya_Kala_Waya

Kwani rimoti inapimwa kwa mita? Mbona unaing'ata betri kwa meno inarudi?

Kofia_Ngumu

Kung'ata hakuichaji betri, ni imani tu. Unaizungusha mahali pake, kile kiganda cha kutu kinasuguliwa, inashika.

Panya_Kala_Waya

Nimeng'ata tangu utotoni na TV inawaka. Usiniletee sayansi.

Nyasi_Ndefu

WAKUU. NIMERUDI. NIMEPATA.

Nimeinua kiti kama alivyoelekeza Cheche_Moja. Ile swichi inaingia kwenye tundu lake kwa kuizungusha robo, ina vijino viwili vya kuishikilia. Kijino kimoja hakijaingia. Swichi imelala upande, imezama kama sentimita moja hivi. Mtu wa kawaida akikaa haifiki. Akikaa tembo, inafika. Nimeizungusha ikatoa "klik", nimekaa, nimewasha, nimeachia breki, INAKWENDA. Na kilo zangu 58. Nimezunguka uwanja mara tatu nikipunga mkono. Shemeji ameshaondoka, hakuna aliyeniona.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Betri ya mashine yangu iko CHINI YA KITI. Aliyeng'oa kiti kufunga betri ni nani? Aliyeirudisha hiyo swichi ni nani? YEYE! Siku ya "betri hiyo"! Kabla ya hapo sikuwa na shida ya kiti, nilikuwa na tik tu! Kaharibu mwenyewe, halafu kapanda juu ya uharibifu wake, kanizungukia uwanja, kajifuta na fulana yangu, kaniambia HUNA UZITO! Na pesa ya kuja kutazama nimempa!

Mama_Fyuzi

Baba Fyuzi, nani aliyeiacha mita kwenye nyasi usiku kucha, mvua ikanyesha? Hilo mbona hulisemi?

Baba_Fyuzi

Hiyo ilikuwa mita ya kwanza.

Spana_Namba_Kumi

Kumbe zilikuwa mbili 😂

Nyasi_Ndefu

Jamani mmesoma nilichoandika? YEYE NDIYE ALIYENG'OA KITI.

Kofia_Ngumu

Tumesoma mkuu, hoja yako ni nzito. Ila tulia kidogo, Mama Fyuzi anaandika.