Mama ana sukari, anatibiwa mahali tatu, nani njo anamufuata?

Mutoto wa Kadutu
Jambo bandugu, munisaidie. Mama yangu ana myaka 61, anagonjwa sukari tangu 2017. Dawa ya sukari anachukuliaga ku santre ya afya ya karibu na nyumba, tansio anafuatwa na dokta mwingine kule Nyawera, na mwezi uliopita walimulaza hopitali juu ya kidonda ya muguu, wakamupa ordonansi ingine. Kila mahali kaye yake (daftari ya mugonjwa), hakuna mwenye anauliza mwenzake aliandika nini. Juzi saa tisa ya usiku nikamukuta amelowana jasho, anatetemeka, anasema maneno yenye haieleweki, kupima sukari iko 52 mg/dL! Tulimupa maji ya sukari akarudi. Niko na woga sana.

Infirmie Bagira
Pole sana. Mwaga dawa zote za mama ku meza uandike majina venye iko ku karto, usiruke hata moja.

Mutoto wa Kadutu
Metformini 850. Daonil 5, ya santre. Glibenklamidi 5, ya hopitali. Amlodipini 10, ya tansio.

Infirmie Bagira
Njo hapo. Daonil na glibenklamidi ni dawa moja, majina mbili! Mama anaikunywa mara mbili, na inashusha sukari masaa mingi, zaidi kwa mutu mzima ao mwenye mafigo imechoka. Mbele umupe tena hata moja ya zile mbili, pigia infirmie titileri (mukubwa wa santre) simu. Kesho mupeleke na sashe ya dawa yote na kaye zote, uombe wamupime kreatinini, kipimo cha damu chenye kinaonesha kama mafigo inatumika muzuri. Akitetemeka tena, vijiko tatu ama ine vidogo vya sukari mu maji, ngoja dakika 15, upime, kama iko chini ya 70 rudilia. Kama hawezi kumeza usimumiminie kitu, kimbia hopitali.

Papa wa Ibanda
Hii mateso haiko ya kwetu tu. Kule Marekani badokta ba batoto walianza kusema tangu 1967, mutoto mwenye ugonjwa wa muda mrefu awe na mahali moja penye karatasi zake zote zinakaa, leo wanafanya vile hata kwa bakubwa wa sukari. Na kwetu santre ingepaswa kuwa vile, inakutuma hopitali na karatasi ya transferi, hopitali inarudisha jibu. Lakini ile jibu njo inapoteaga mu njia, basi sisi ba familia tunaibeba. Mimi nilimununulia muzee kaye moja kubwa, nikaifunga mu plastiki juu ya mvula, kila dokta anaandika mu ile ile. Ku ukurasa wa mwisho iko dawa zote, yenye imesimamishwa ninaikata na biki nyekundu mbele ya dokta. Na kila siku ya yenga ninamuangalia nyayo na toshi ya simu, kati ya vidole pia, nione kama hakuna kidonda.

Mutoto wa Kadutu
Nimemupigia titileri. Amesema zote mbili zisimame usiku huu, saa mbili ya asubui tuko kwake. Kaye nimeshanunua. Aksanti sana, kweli.