Mjadala: Mkulima wa korosho ana mali shambani. Umaskini wake unatoka wapi?

Mleta mada

Kila Oktoba minada ya korosho ikifunguliwa, vichekesho navyo vinafunguliwa. Mara watu wa Kusini wananywesha mbuzi soda, mara fulani kanunua pikipiki mbili na choo hana. Ikifika Machi, watu walewale wanasikika wakisema ndani hakuna unga. Basi wengi wanafunga hesabu: huyu umaskini kajitakia.

Mimi nimekulia Tandahimba, Mtwara, na hesabu hiyo siikubali. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 310,000 za korosho, karibu zote kutoka Mtwara, Lindi na jirani zake, na bei mnadani ilifika shilingi 4,000 kwa kilo. Mvivu hatoi mzigo wa namna hiyo. Anayedhani mkorosho unajizalia aje Juni abebe mashine ya kupulizia mgongoni, salfa inamwingia machoni, azunguke shamba zima kupambana na ugonjwa wa ubwiriunga, kisha arudie tena na tena mpaka maua yashike.

Hoja yangu ni moja. Tazameni kalenda. Fedha ya korosho inaingia kati ya Oktoba na Januari. Januari hiyohiyo shule zinafunguliwa. Februari na Machi chakula cha mwaka jana kimekwisha na cha mwaka huu kiko shambani kibichi. Mei na Juni shamba linataka kusafishwa, vibarua wanataka chao mkononi. Salfa siku hizi Serikali inatoa kwa ruzuku, sawa, lakini mashine ya kukodi, petroli na mtu wa kupuliza havina ruzuku. Yaani mkulima anahitaji fedha zaidi katika miezi ambayo hana cha kuuza.

Hapo ndipo anapoingia mtu wa kangomba. Anakupa fedha Februari, unamlipa korosho Oktoba. Chukulia mama anataka laki moja ya matibabu. Mnunuzi anamhesabia kilo kwa shilingi 1,000, kwa hiyo mama anadaiwa kilo 100 za korosho ambazo bado hazijatoa hata ua. Mnada ukifunguka kwa 2,000, mnunuzi kapata mara mbili. Ukifunguka kwa zaidi ya 4,000 kama Oktoba 2024, kapata mara nne. Na hapo sijagusa kipimo, maana bakuli linalojazwa kichuguu huitwa kilo.

Wachukue majirani wawili wenye mikorosho sawa. Mmoja ana mtoto mwalimu anayemtumia elfu hamsini kwa simu mwezi wa pili. Mwingine hana. Wa kwanza anasubiri mnada. Wa pili anauza maua, yaani korosho ambayo bado haijazaa, mwaka unaofuata anaanza na deni, baadaye anaweka sehemu ya shamba rehani. Miaka kumi ikipita tunasema yule wa kwanza ana akili ya maisha. Nyie mnasemaje?

Mchangiaji, mfanyabiashara, Newala

Mkuu, huyo unayemsema ni mimi. Nilifanya kangomba miaka kadhaa na sitajificha.

Umeandika vizuri lakini umeruka swali. Huyo mama alipokuwa na mgonjwa Februari, AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ilikuwa wapi? Benki ilikuwa wapi? Alikwenda kwao? Hakwenda, kwa sababu anajua jibu. Alikuja kwangu saa nne usiku akaondoka na fedha. Hakujaza fomu, hakuleta mdhamini. Na mimi mvua ikiharibu maua silipwi na mtu. Wengine wamehama kijiji na deni langu. Bei nayo inaweza kuanguka: 2023 mnada ulicheza karibu na 2,000, kuna walionunua mapema wakitegemea makubwa, wakabaki wanashika tama.

Mnakumbuka 2018? Minada ilianza na bei ambazo wakulima walizikataa. Novemba, Rais Magufuli akatangaza Serikali itanunua zote kwa 3,300, wanajeshi wakapewa kazi ya kusomba. Sote tulishangilia. Kisha ukaja uhakiki, mwenye zaidi ya kilo 1,500 aoneshe shamba lake kwanza. Walengwa tulikuwa sisi wenye korosho bila shamba, na kweli tulipigwa, mimi mtaji ndiyo uliishia hapo. Lakini mkulima halali naye alisubiri malipo miezi na miezi. Sasa niambie, katika miezi hiyo ya kusubiri alikula nini? Alikopa. Kwa nani?

Mchangiaji, mwalimu, Masasi

Mnawatetea mno. Nafundisha huku mwaka wa kumi na kitu. Msimu ukifunguka madarasa yanapungua, watoto wako mashambani wanaokota korosho. Fedha ikitoka, nusu ya kijiji iko kwenye sherehe za jando na unyago, vyombo vipya, muziki mpaka asubuhi. Mzazi anayeshindwa daftari Februari ndiye aliyekodi spika kubwa Desemba. Hilo si soko wala kalenda. Mtu akipewa milioni mbili kwa mkupuo bila kujua kupanga, zitakwisha tu.

Mchangiaji, mama mkulima, Nanyumbu

Mwalimu, shikamoo. Na mshahara wako wa tarehe ishirini na ngapi huwa unafika tarehe kumi? Nauliza tu.

Unyago unaouona wewe ni gharama, kwangu ni akiba. Nikienda kwenye sherehe ya jirani na kitenge na elfu ishirini, imeandikwa kwenye daftari. Siku ya mwanangu narudishiwa, siku ya msiba wananijia. Usiye na daftari hilo, Februari unagonga mlango wa nani? Wa huyo kaka wa Newala. Sikatai kwamba wapo wanaozidisha, na wanaume ndio wanaongoza, maana kwenye daftari la AMCOS jina ni la mume na akaunti ya benki ni ya mume. Mimi nimepalilia, nimeokota, nimeanika, nimechambua. Ujumbe wa benki unalia kwenye simu yake. Akishuka mjini kuzitoa, ninachoambiwa ni makato.

Mkitaka kujua umaskini wa nyumba nyingi za huku unaanzia wapi, anzeni na simu hiyo.

Mchangiaji, mzee wa Nachingwea

Vijana mmeanza hadithi katikati.

Waingereza baada ya vita walikuja hapa Nachingwea na mpango wa karanga. Wakajenga bandari Mtwara, wakaweka reli kuja huku. Karanga zikashindwa, mpango ukafa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya sitini reli ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Kuanzia hapo mzigo wetu ulitegemea barabara ya vumbi na kivuko cha Rufiji. Masika yakija tulikuwa kisiwa. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, mimi nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu. Pigeni hesabu ya miaka ambayo mchuuzi alitupangia bei kwa sababu gari lilikuwa lake peke yake.

La pili ni Operesheni Vijiji. Nilimpenda Mwalimu Nyerere na nampenda mpaka leo, lakini hili lisemwe. Msimu wa 1973/74 nchi ilitoa kama tani 145,000 za korosho. Tukahamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki kwenye mahame, umbali wa kutembea nusu siku. Nani atakwenda kupalilia huko? Pori likaimeza, moto ukaichoma, ubwiriunga ukamaliza. Kufikia 1986/87 mavuno ya nchi yalikuwa chini ya tani 20,000. Familia iliyokuwa na baiskeli, redio na mabati ilirudi kwenye nyasi, na hakuna aliyekunywa soda wala kukodi spika. Watu wetu wengi wakakimbilia Dar es Salaam kuuza maji na kulinda mageti. Huo ndio umaskini mliourithi.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Shikamoo mzee wangu, hapo nimejifunza. Ila nashangaa hakuna aliyetaja viwanda. Korosho ghafi sehemu kubwa inakwenda India na Vietnam, inabanguliwa huko, inauzwa ulimwenguni kama yao. Kilo nne hadi tano za ghafi zinatoa kilo moja ya korosho nyeupe iliyobanguliwa. Maganda tunayasafirisha bure, na ajira tunaipeleka pamoja nayo. Serikali ilijenga viwanda 12 enzi zile, vingi vikaja kubinafsishwa na kugeuka maghala. Tukibangua wenyewe, umaskini wa Mtwara utakwisha wenyewe.

Mfanyabiashara, Newala

Utakwisha wenyewe! Kaka, hivi viwanda vilikufa kwa nini? Mavuno yalianguka, mzee kakueleza, mashine zikakosa cha kubangua. Na leo mwenye kiwanda anatakiwa anunue mzigo wa mwaka mzima katika wiki chache za mnada, akigombania na Mhindi mwenye mkopo wa riba ndogo. Wa hapa anakopa kwa riba gani? Naye ana Februari yake.

Mleta mada

Hilo la mwisho lingekuwa langu, limenizidi kwa kusemwa na mtu wa kangomba.

Mzee, nakubaliana nawe kwamba deni la leo lina babu yake. Mkulima aliyepoteza mikorosho miaka ya sabini alipoteza pia kile cha kumshikilia mwezi mbaya. Lakini ukiishia kwenye historia tu, kijana wa leo atakaa kuilaumu Serikali ya 1974, na mwaka huu atauza maua kama kawaida.

Mwalimu, sherehe zipo, sibishi. Nakuuliza kitu kimoja: kwa nini mwenye mshahara wa kila mwezi akifanya harusi ya milioni thelathini hatuandiki kwamba kabila lake ni maskini kwa sababu ya harusi?

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza huku 2007, yaani mkulima anaweka mzigo ghalani, anapewa risiti na kusubiri uuzwe mnadani, niutetee kidogo. Ulivunja nguvu ya mchuuzi wa mlangoni, na siku hizi mnada unaendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa, hata bei inaonekana kwenye simu. Tatizo ni kwamba uliundwa kwa ajili ya mtu anayeweza kusubiri. Unapeleka mzigo AMCOS, mara magunia hayajafika, mara gari la ghala kuu halijaja, kisha mnada, kisha mnunuzi alipe, kisha makato, unyaufu (uzito unaopungua korosho ikikauka) ukiwemo, ndipo benki. Liwale 2013 watu walichoma nyumba za viongozi baada ya awamu ya pili ya malipo kuja pungufu ya walivyoahidiwa. Kuchoma nyumba ni uhalifu, lakini mtu aliyekwisha kukopa juu ya malipo yale alikuwa ameshikwa pande mbili.

Pendekezo langu: AMCOS itoe malipo ya awali Februari, tuseme robo ya kile mkulima alichouza msimu uliopita, ikatwe mnadani. Rekodi zipo, maana kila mkulima kasajiliwa na kilo zake zinajulikana.

Mfanyabiashara, Newala

Na akichukua robo yako Februari, Oktoba akanipa mimi korosho kwa jina la shemeji yake? Mimi nadai kwa kumfuata nyumbani. Katibu wa AMCOS atamfuata? Wengine hao makatibu wenyewe walikuwa wateja wangu wakubwa, ndio walionipitishia mzigo ghalani.

Mama mkulima, Nanyumbu

Hapo kasema kweli, na ndiyo maana robo hiyo mimi ningeitaka ipite kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, isiguse AMCOS. Sisi kikundini tunakopeshana, na asiyelipa tunamjua mpaka kwa mama yake. Kosa letu lilikuwa moja: tulikuwa tunagawana mfuko Desemba, wakati kila mtu tayari ana fedha za korosho. Februari sanduku linakuwa na hisa za wiki tatu tu, hata mtoto akiugua hakuna. Tumebishana sana, wanaume wawili wakajitoa, lakini tumehamishia mgawo Julai, wakati wa kupuliza. Sasa Desemba tunaweka, Februari tunakopa.

Mfanyabiashara, Newala

Laki moja mtatoa. Akija wa kufanyiwa upasuaji?

Mama mkulima, Nanyumbu

Huyo bado anakuja kwako. Hatujafika huko.